Majaribio ya Bure Mtandaoni Yanayogeuka Makato ya Kila Mwezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu zile ofa za "jaribu bure siku 7" au "lipia usafirishaji tu" ambazo wiki mbili baadaye huonekana kwenye taarifa ya akaunti kwa jina usilolijua na kiasi usichokitegemea. Kama umeshakatwa tayari na una haraka, ruka hadi swali la "Nimeshakatwa. Nianze na benki au na muuzaji?", kisha urudi huku juu ukitulia.

Kama ni bure, mtego uko wapi?

Uko kwenye ruhusa, si kwenye bei. Unapoandika namba za kadi ili upate jaribio, unakubali mambo mawili kwa mpigo: kwamba utatumia huduma siku hizo bila kulipa, na kwamba siku zikiisha muuzaji ataikata kadi yako, tena na tena, mpaka umwambie aache. Ukimya wako unahesabiwa kuwa ni ndiyo. Ofa nyingi za aina hii ni biashara halali. Mtego huanza pale jambo la pili linapofichwa, au mlango wa kuingilia unapokuwa mpana na wa kutokea ukawa tundu la sindano.

Sura zake ni tatu. Ya kwanza ni ya apu: kuhariri picha, VPN (ya kuficha mahali ulipo mtandaoni), mazoezi, kujifunza lugha, kusoma nyota. Ya pili ni ya bidhaa za mwili kama vidonge vya kupunguza unene, krimu za uso na dawa za kung'arisha meno, ambapo chupa ya kwanza "ni bure, lipia usafirishaji tu". Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa krimu za AuraVie kwa mpango huo huo: mteja alidhani analipa dola 4.95 za usafirishaji, na muda mfupi baadaye alikatwa mpaka dola 97.88, kisha kiasi hicho kikaendelea kila mwezi.

Sura ya tatu ni ya zawadi. Unajibu maswali matano, unaambiwa umeshinda simu, ulipe euro 1 tu ya kuitumiwa. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu simu haipo kabisa. Ile euro 1 ni ya kukuingiza kwenye uanachama wa tovuti ambayo hujawahi hata kuifungua.

Kwa nini waombe kadi kwa kitu cha bure?

Sababu za kweli zipo: kuzuia mtu mmoja kufungua majaribio ishirini, na kuhakikisha kadi ni hai. Kwa ajili ya hilo la pili hujaribu kadi kwa kiasi cha 0 au dola 1, ambayo hushikiliwa kidogo kisha ikaachiliwa. Ukiona dola 1 hiyo usishtuke. Iangalie tu kama imerudi ndani ya siku chache.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba kadi iliyohifadhiwa hukatwa bila wewe kuwepo. Hapa wengi hujidanganya. Wanasema, "Benki yangu hunitumia namba ya siri kwenye simu kila nikinunua mtandaoni, kwa hiyo hawawezi kunikata bila mimi kujua." Ile namba ya siri ya mara moja huulizwa kwenye muamala wa kwanza, ule ulioufanya mwenyewe. Makato yanayofuata huanzishwa na muuzaji kwa ruhusa uliyokwisha kumpa, na kwa kawaida hayaulizi namba yoyote. SMS utakayoipata ni ya kukuarifu kwamba pesa imeshatoka.

Siku za jaribio, tuseme 14, huhesabiwa tangu lini?

Kwa bidhaa za kutumwa, karibu kila mara ni tangu siku ulipoagiza, si siku mzigo ulipofika. Tuchukue mfano. Umeagiza krimu tarehe 1 Machi kutoka Marekani ukiwa Mwanza. Jaribio la siku 14 linaisha tarehe 15 Machi. Mzigo, ukipitia posta na forodha, unafika tarehe 22. Siku unapofungua kifurushi, umeshakatwa bei kamili ya chupa "ya bure" wiki nzima iliyopita, na chupa ya pili iko njiani. Mpango umetengenezwa hivyo makusudi. Hata ungekuwa na nidhamu ya jeshi usingewahi kuijaribu hiyo krimu kabla ya kukatwa.

Kuna mambo mengine mawili yanayowaumiza wasomaji wa huku kwetu zaidi ya wengine. La kwanza ni tarehe. Mmarekani huandika mwezi kwanza. Barua pepe ikisema jaribio linaisha 03/07, kwao ni tarehe 7 Machi, ilhali wewe umeshaandika kwenye kalenda tarehe 3 Julai. Ukiona tarehe ya tarakimu tupu, tafuta mahali pengine ambapo mwezi umeandikwa kwa jina, au hesabu mwenyewe siku tangu ulipojisajili. La pili ni saa. Majaribio ya apu mara nyingi huisha saa ile ile uliyojisajili. Uliyejiunga saa 4 usiku siku ya Jumatatu, jaribio la siku 7 litaisha Jumatatu ijayo saa 4 usiku, na kwa wengine makato huingia saa kadhaa kabla. Apple wenyewe wanataka ughairi angalau saa 24 kabla ya muda kuisha. Kwa hiyo "siku 7" za Apple, kwa mtu makini, ni siku 6.

Angalia pia mzunguko wa malipo. "Kila siku 28" si kila mwezi: ni mara 13 kwa mwaka.

Nitautambuaje ukurasa wa mtego kabla sijaandika namba za kadi?

Anza na bei. Funga macho kwa neno "bure" lililoandikwa kwa herufi kubwa na ujiulize: siku jaribio likiisha nitalipa kiasi gani, na lini? Kama majibu hayo mawili hayaonekani kwenye ukurasa ule ule wenye kitufe cha kulipia, ondoka. Muuzaji asiye na la kuficha huandika pale pale: "Bure mpaka tarehe 14 Mei, baada ya hapo dola 9.99 kwa mwezi."

Kisha shuka mpaka chini kabisa ufungue vigezo na masharti. Huna haja ya kuyasoma yote. Hakuna anayeyasoma yote. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, au kwenye simu fungua menyu ya kivinjari uchague kutafuta ndani ya ukurasa, kisha andika neno moja moja. Kwa kuwa kurasa nyingi ni za Kiingereza, maneno ya kutafuta ni "trial" (jaribio), "recurring" (ya kujirudia), "renew" (kuendeleza upya), "membership" (uanachama) na "cancel" (ghairi). Dakika tatu zinatosha. Ukikuta kwamba kughairi kunahitaji kupiga simu namba ya Marekani saa zao za kazi, umeshajua unashughulika na nani. Asubuhi ya saa 3 California ni saa 1 au saa 2 usiku Afrika Mashariki, kutegemea majira yao.

Dalili nyingine huonekana kwa macho tu. Saa inayohesabu dakika za ofa: fungua ukurasa upya, ikianza tena mwanzo ni ya uongo. Picha ya mtangazaji wa habari au daktari maarufu akisifia vidonge: mara nyingi hajui hata kwamba picha yake imetumika. Kisanduku kilichotiwa alama ya vema kabla hujakigusa. Na ule ukurasa unaojitokeza baada ya kubonyeza "Lipa", kabla ya risiti, ukikuambia "Hongera, ongeza na hiki", huku kitufe kikubwa cha kijani kikiwa ni cha kukubali na cha kukataa kikiwa ni maandishi ya kijivu chini kabisa. Watu wengi huingia kwenye usajili wa pili hapo hapo bila kujua, na ndiyo maana baadaye hughairi mmoja wakashangaa bado wanakatwa.

Mwisho, tafuta jina la bidhaa pamoja na neno "complaints" (malalamiko) au "refund" (kurejeshewa pesa). Ukikuta malalamiko ya watu mia moja yanayofanana, wewe hutakuwa wa kipekee.

Kampuni kubwa hazifanyi hivi, sivyo?

Hufanya kwa ustaarabu zaidi. Juni 2023 FTC iliishtaki Amazon kuhusu uanachama wa Prime. Kwa mujibu wa mashtaka, kujiunga kulikuwa kwa kubonyeza mara moja au mbili, lakini kujitoa kulimtaka mteja apite kurasa nne, abonyeze mara sita na achague kati ya machaguo kumi na matano. Ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa "Iliad", kwa jina la utenzi wa Kigiriki wa vita virefu. Aliyechagua jina hilo alijua anachofanya. Septemba 2025 kesi iliishia kwa Amazon kukubali kulipa dola bilioni 2.5, ambazo kati yake bilioni 1.5 ni za kuwarejeshea wateja.

Tofauti ni kwamba ukiwa na kampuni kubwa mlango upo, hata kama umefichwa, na pesa hurejeshwa ukidai vizuri. Ukiwa na muuzaji wa krimu mwenye sanduku la posta Florida na kampuni iliyosajiliwa kwingine, mlango wenyewe huenda haupo.

Nimejisajili leo. Nifanye nini sasa hivi?

Ghairi leo. Ndiyo, leo hii, kabla hata hujaanza kutumia. Huduma nyingi, zikiwemo nyingi ya zile zinazolipiwa kupitia Google Play, hukuacha uendelee mpaka siku ya mwisho ya jaribio hata kama umeghairi dakika ya kwanza. Zipo zinazokata papo hapo, na baadhi ya huduma za Apple zenyewe ziko hivyo. Soma ujumbe unaotokea kabla ya kuthibitisha: utakuambia "utaendelea kutumia mpaka tarehe fulani" au "utapoteza huduma sasa". Kama ni hilo la pili, weka kengele mbili kwenye simu, moja siku tatu kabla na nyingine siku moja kabla.

Ukimaliza kughairi, piga picha ya skrini inayoonyesha neno la kuthibitisha pamoja na tarehe, na utafute barua pepe ya uthibitisho. Barua pepe isipokuja ndani ya saa moja, chukulia kwamba hujaghairi. Kurasa nyingi zina hatua ya mwisho ambayo mtu huikosa: anabonyeza "Ghairi", anaonyeshwa punguzo la asilimia 50, anafunga ukurasa akidhani amemaliza.

Nimefuta apu. Mbona bado nakatwa?

Kwa sababu kufuta apu ni kama kutoa redio nje ya nyumba. Bili ya umeme haihusiki. Usajili uko kwenye akaunti ya duka la apu, si ndani ya simu.

Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda "Malipo na usajili" kisha "Usajili". Chagua apu, gusa "Ghairi usajili", na ufuate mpaka mwisho. Kama simu ina akaunti mbili za Google, badilisha akaunti uangalie na ya pili. Mara nyingi mtu huapa kwamba hana usajili wowote, kumbe uko kwenye barua pepe ya zamani. Kurejeshewa pesa ni rahisi zaidi ukiomba Google ndani ya saa 48 tangu makato. Baada ya hapo kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa apu.

Kwenye iPhone fungua "Settings", gusa jina lako juu kabisa, kisha "Subscriptions". Kudai pesa, tumia tovuti ya reportaproblem.apple.com, ingia kwa akaunti yako, chagua makato yenyewe na utoe sababu.

Ukiwa ulilipa kwa PayPal kuna mlango mwingine, na ni mzuri: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya malipo, utafute orodha ya malipo ya kujiendesha, uchague muuzaji na uondoe ruhusa. Fanya hivyo angalau siku moja kabla ya tarehe ya makato.

Tovuti haina kitufe cha kughairi. Nifanyeje?

Andika barua pepe. Usipige simu tu, kwa sababu simu haiachi alama, na ukipiga, andika tarehe, saa na jina la aliyepokea. Barua iwe fupi, katika lugha ya muuzaji, na iwe na vitu hivi: barua pepe uliyojisajilia, namba ya oda, tarakimu nne za mwisho za kadi (nne tu, usitume namba nzima wala zile tatu za nyuma ya kadi), na sentensi mbili zisizo na mzunguko: "Naghairi usajili wangu kuanzia leo. Naondoa ruhusa yoyote niliyowapa ya kukata kadi yangu." Usieleze maisha yako wala usitukane. Barua hiyo haiandikwi kwa ajili ya muuzaji. Inaandikwa kwa ajili ya afisa wa benki atakayeisoma mwezi ujao.

Itume kwa kila anwani unayoiona: ya huduma kwa wateja, ya malipo, na ile iliyo kwenye risiti. Ikirudi kwa sababu anwani haipo, hifadhi na huo ujumbe wa kurudi. Nao ni ushahidi.

Nimeshakatwa. Nianze na benki au na muuzaji?

Anza na muuzaji, lakini usimsubiri. Hapa ndipo watu hupoteza pesa ambazo wangezipata, kwa hiyo twende taratibu.

Benki yako haina uwezo wa kumnyang'anya muuzaji pesa kwa sababu tu umekasirika. Inachoweza ni kupinga muamala kwa kufuata kanuni za Visa au Mastercard, na kanuni hizo zina mafungu ya sababu. Moja ni kwamba usajili ulishaghairiwa lakini makato yakaendelea. Nyingine ni kwamba masharti yalielezwa kwa udanganyifu. Ili ushinde kwa sababu ya kwanza lazima uonyeshe kwamba ulighairi, na tarehe uliyoghairi iwe kabla ya makato unayoyapinga. Ndiyo maana barua pepe kwa muuzaji hutangulia, hata kama unajua hatajibu. Makato yaliyotokea kabla hujaghairi utayapinga kwa sababu ya pili, na hapo kinachohitajika ni picha ya ukurasa wa ofa ikionyesha kwamba bei ya baadaye haikuwekwa wazi. Kama hukuipiga picha, fungua tangazo lile lile tena; mara nyingi bado liko hewani.

Mpe muuzaji siku tatu mpaka tano za kazi. Kisha nenda benki, au tumia apu ya benki kama ina sehemu ya kupinga miamala, ukiwa na karatasi hizi: taarifa ya akaunti yenye makato yaliyozungushiwa alama, barua ya kughairi, majibu kama yapo, picha ya ofa, na risiti ya mwanzo. Omba fomu ya kupinga muamala wa kadi. Afisa wa kaunta akikuambia "hiyo ni ya mtandaoni, hatuwezi", omba kwa upole kitengo cha kadi. Kaunta nyingi hupokea ombi kama hilo mara chache sana. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu.

Muda: kwa aina nyingi za pingamizi kanuni za kadi hutoa siku 120, lakini benki yenyewe inaweza kuwa na muda mfupi zaidi kwa mteja wake, kwa hiyo usizichezee. Wanaoishi Marekani wana kinga ya sheria kwa kadi za mkopo, ambapo dai huandikwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ya akaunti ilipotumwa.

Kila kato ni muamala wake. Ukikatwa mara tatu, jaza mara tatu. Wengi hupinga la mwisho tu wakiamini mengine yatajumlishwa, na hayajumlishwi.

Niseme tu kwamba sijui chochote, kadi yangu iliibiwa?

Usithubutu. Si suala la maadili peke yake, ni suala la kushindwa kesi. Muuzaji ataleta jina lako, anwani, barua pepe, anwani ya intaneti uliyotumia, na kumbukumbu kwamba ile namba ya siri ya mara moja iliingizwa sawasawa. Benki ikiona hivyo, pingamizi linafungwa, na kurudi tena na sababu ya kweli baada ya hapo ni kazi ngumu. Sema ukweli: "Nilikubali jaribio. Sikuonyeshwa bei hii. Nimeghairi tarehe fulani. Wameendelea."

Nikibadilisha kadi, si nitakuwa nimemaliza?

Si lazima. Visa na Mastercard zina huduma ambazo, benki ikitoa kadi mpya badala ya ya zamani, hupeleka namba mpya kwa wauzaji waliohifadhi ile ya zamani. Imewekwa ili bili zako za kweli zisikwame, lakini humsaidia na yule unayemkimbia. Si kila benki imejiunga nayo. Unapoomba kadi mpya, iambie benki wazi kwamba unataka muuzaji huyu azuiwe, umtaje kama anavyoonekana kwenye taarifa ya akaunti, na uulize kama wanaweza kuizuia kadi mpya isipelekwe kwa wauzaji.

Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wa simu je?

Ni kinga nzuri, ukijua inavyofanya kazi. M-PESA GlobalPay, iliyozinduliwa Kenya Juni 2022 na Safaricom pamoja na Visa, huchota moja kwa moja kwenye salio lako la M-PESA. Tanzania nako kampuni za simu hutoa kadi za namna hiyo. Kosa la kawaida ni kuacha kadi wazi baada ya kujisajili kwa imani kwamba "sina salio". Siku mshahara au pesa ya mchango wa harusi ikiingia, muuzaji akijaribu tena atakuta imejaa. Na hujaribu tena: mfumo wa malipo ukikataliwa leo hurudi baada ya siku mbili tatu, saa nyingine, wakati mwingine kwa kiasi kidogo zaidi. Baada ya kujisajili, isimamishe au uifute kadi kwenye menyu, kisha ufungue nyingine siku unayohitaji.

Salio sifuri haliondoi mkataba. Kwa apu ya kawaida huduma hukatika na mambo yakaishia hapo. Kwa bidhaa zilizokwisha kutumwa, muuzaji anaweza kuandika kwamba unadaiwa. Kwa hiyo ghairi hata kama kadi ni tupu.

Mzigo umefika. Niurudishe?

Usiufungue kwanza. Ukifunguka, wengi hukataa kuupokea. Waandikie wakupe namba ya kurudisha; mzigo usio na namba hiyo hudai hawakuuona. Kisha piga hesabu: kutuma kifurushi cha nusu kilo kutoka Mombasa mpaka Marekani kwa njia yenye kufuatiliwa kunaweza kuzidi bei ya krimu. Kama ni hivyo, nguvu zako ziweke kwenye pingamizi la benki, na mzigo uuhifadhi bila kuutumia mpaka pingamizi limalizike. Ukiupaka usoni na huku unaudai, umejikata mwenyewe.

Wamesema watanirudishia asilimia 30. Nikubali?

Huo ni mchezo unaojulikana. Wahudumu wao hupewa ngazi, kwa mfano asilimia 25, kisha 35, kisha 50, na kamili kwa yule tu anayetaja benki. Pingamizi nyingi humharibia muuzaji uhusiano na benki yake, kwa hiyo hulipa kidogo ili usifike huko. Ukikubali kwa maandishi kwamba kiasi hicho kinamaliza madai, umeuza pingamizi lako. Jibu: "Nataka kiasi chote ndani ya siku tano za kazi, vinginevyo nitawasilisha pingamizi kwa benki yangu." Mara nyingi hutosha.

Sheria ipo upande wangu?

Inategemea unaishi wapi na muuzaji yuko wapi. Marekani ina sheria ya mwaka 2010 iitwayo ROSCA inayomtaka muuzaji aeleze masharti kabla ya kuchukua namba za kadi, apate ridhaa ya wazi, na aweke njia rahisi ya kujitoa. Kanuni kali zaidi ya FTC ya Oktoba 2024, ya kufanya kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, ilifutwa na mahakama ya rufaa Julai 2025, siku chache kabla ya kuanza. ROSCA ndiyo iliyotumika dhidi ya Amazon.

Kwa wanaoishi Umoja wa Ulaya hali ni nzuri. Mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia, na kitufe cha mwisho lazima kiseme kwamba kukibonyeza ni kukubali kulipa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2023 kwamba kama muuzaji hakueleza wazi kuwa jaribio litageuka la kulipia, mteja anapata haki ya kujitoa upya jaribio linapogeuka. Ujerumani, tangu Julai 2022, tovuti inayouza usajili lazima iwe na kitufe cha kusitisha mkataba.

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam na muuzaji yuko ng'ambo, kanuni za kadi zina meno kuliko sheria yoyote. Tangu Aprili 2020 Visa inawataka wauzaji wa majaribio wamkumbushe mteja angalau siku 7 kabla ya kato la kwanza la bei kamili, pamoja na njia ya kughairi mtandaoni. Kama hukukumbushwa, liandike hilo kwenye fomu ya pingamizi kwa maneno hayo hayo. Mastercard tangu 2019 ina masharti yake kwa bidhaa za kutumwa. Muuzaji akiwa wa ndani, Kenya kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 na Mamlaka ya Ushindani. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC.

Sina kadi kabisa, lakini salio la simu linaliwa kila siku. Ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa karibu. Zile huduma za vichekesho, mapenzi, michezo na dini zinazokata shilingi chache kila siku hulipwa kwa salio la laini. Jambo ambalo watu hawalijui: ukiwa unatumia data ya simu, mtandao unaweza kumpa mtoa huduma namba yako bila wewe kuiandika, kwa hiyo kugusa tangazo mara mbili kunatosha kukuunganisha. Ukiwa kwenye Wi-Fi lazima akuulize namba. Tafuta SMS ya "Hongera umejiunga", jibu neno lililotajwa ndani yake, mara nyingi STOP au ONDOA, kisha piga huduma kwa wateja uombe wakusomee huduma zote zilizounganishwa kwenye laini yako na waziondoe zote. Wasipofanya hivyo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, ukiwa na tarehe ya simu uliyopiga.

Mtu amenipigia akisema anaweza kunirudishia pesa zote kwa ada ndogo. Namwamini?

Hapana. Orodha za watu waliokwisha kunaswa huuzwa, na anayepiga anajua jina lako, bidhaa na kiasi kwa sababu ameinunua orodha hiyo. Atajiita wakili, benki, au hata FTC yenyewe. Benki haitozi ada ya mapema kwa njia ya simu ili kupinga muamala, wala haiulizi zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Kata simu, kisha uipigie benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako.